Msomaji Asiyelipwa Kumaliza: Barua ya wazi kwa vyuo vinavyofunza wanadiplomasia wetu

Kwa wakuu wa vyuo, wakuu wa idara na wahadhiri wa diplomasia na uhusiano wa kimataifa, Dar es Salaam, Nairobi, Kampala na kwingineko Afrika Mashariki.

Waheshimiwa,

Naomba itifaki ihesabike imezingatiwa. Nasema hivyo mapema kwa sababu nyote mmewahi kukaa ukumbini mkimsubiri mzungumzaji awataje waliopo meza kuu mmoja baada ya mwingine, amshukuru Mwenyezi Mungu kwa kutukutanisha tukiwa wazima, awapongeze waandaaji, aeleze furaha yake kwa kualikwa, kisha aingie kwenye jambo lililomleta akiwa amebakiwa na dakika mbili. Kwenye mahafali hilo halimdhuru mtu. Kwenye kikao cha mataifa dakika hizo ni mali ya nchi, na zikiisha zimeisha.

Mimi ni mkalimani wa mikutano, Kiswahili na Kiingereza. Nakaa kwenye kibanda cha vioo nyuma ya ukumbi nimevaa vipokea sauti, na anachosema mjumbe kule mbele nakisema upya sekunde chache baadaye kwa lugha nyingine. Kazi hii humfanya mtu aisikie hotuba kuliko hata aliyeiandika, maana huwezi kupitisha usichokielewa. Vikao vikifungwa, mara nyingi sisi ndio tunaobaki na makaratasi, tukioanisha tamko la Kiingereza na la Kiswahili hadi usiku. Kwa hiyo wahitimu wenu nawajua kwa kazi zao, si kwa vyeti vyao.

Maarifa wanayo, na hilo niliseme kabla sijalalamika. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wanaujua, nadharia wanazijua, tarehe wanazijua. Ila wanaandika na kusema kama watu ambao maisha yao yote wamekuwa na msomaji mmoja tu, yaani mhadhiri. Na mhadhiri ndiye msomaji pekee ninayemjua anayelipwa kusoma hadi ukurasa wa mwisho. Mwanafunzi anaweza kumpa kurasa 20 zenye usuli, mapitio ya nadharia na nukuu za wataalamu, hoja yenyewe ikachomoza ukurasa wa 14, na mhadhiri akaifikia, akaipigia vyema, akatoa alama. Balozi aliye ndani ya gari akielekea kikao cha saa nne hataifikia. Katibu Mkuu mwenye majalada thelathini mezani hataifikia. Mhariri wa gazeti, ndiyo kabisa.

Chukueni dokezo. Afisa Mambo ya Nje aliyeajiriwa juzi anaagizwa amwandalie waziri dokezo la kikao. Anachoandika ni insha ya chuo iliyovalishwa nembo ya serikali: husika na somo tajwa hapo juu, kisha historia ya uhusiano wa nchi mbili tangu uhuru, kisha takwimu za biashara, kisha changamoto, kisha fursa, na huko mwisho, aya ya kumi na tisa, pendekezo. Nimewahi kushuhudia kiongozi wa ujumbe mmoja akilisoma dokezo la namna hiyo mezani, kikao kimeshaanza, akipekua huku na huku, hadi zamu yake ikapita kwenye kifungu ambacho nchi yake ilikuwa na hoja nzito kuliko zote ukumbini. Hoja ilikuwepo. Ilikuwa ukurasa wa sita.

Dokezo linalofaa kazi husema juu kabisa tunataka nini. Kisha kwa nini, kwa sentensi ambayo waziri anaweza kuitamka kama ilivyo bila kuirekebisha. Kisha nani atapinga, na atapinga kwa maneno gani. Kisha lile ambalo wanafunzi wenu karibu hawaliandiki kabisa: tukikosa tunachotaka, tukubali nini, na lipi tusilikubali hata tukiachwa peke yetu. Yote hayo yanaenea ukurasa mmoja. Historia ya tangu uhuru iende kwenye kiambatisho, atakayeihitaji ataifungua.

Msidhani ufupi ni suala la kupunguza maneno. Ukurasa mmoja unaogopesha kwa sababu unamlazimisha mwandishi kuchagua upande, na kijana aliyezoea kupewa alama kwa kuonyesha kwamba kila upande una hoja hana zoezi hilo. Kurasa nyingi ni mahali pazuri pa kujificha. Siku hizi maficho hayo yamepata msaidizi: programu za kompyuta zinazotema kurasa kumi safi, zenye sarufi isiyo na doa, ambazo ukizisoma mara mbili bado hujui nchi inataka nini.

Nije kwenye kusema. Hapa nitakaa kidogo, maana ndiyo kazi yangu.

Fidel Castro alihutubia Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa mwaka 1960 kwa saa nne na nusu hivi. Dunia hiyo imekwisha. Leo viongozi wa nchi wanaombwa wasizidi dakika 15 kwenye mjadala mkuu wa Septemba. Baraza la Usalama linawahimiza wasemaji wasivuke dakika tano. Geneva, nchi inapopitiwa rekodi yake ya haki za binadamu na orodha ya wasemaji ikawa ndefu, mjumbe anaweza kupewa chini ya dakika mbili, na kipaza sauti kikazimwa sentensi ikiwa katikati. Nimewaona vijana wakikatwa hivyo. Ni nadra kumwona aliyepanga hotuba yake ili hata akikatwa, neno la msingi liwe limeshatoka.

Kuna jambo jingine ambalo halisemwi madarasani: nusu ya ukumbi haikusikii wewe. Inamsikia mkalimani wako. Msemaji wa Kiingereza anayekwenda maneno 100 hadi 120 kwa dakika anafuatika. Mtu aliyeandika dakika nane akalazimika kuzisoma kwa tano hafuatiki hata na malaika. Kwa Kiswahili kuhesabu maneno ndiko kunakodanganya zaidi, kwa kuwa kitenzi chetu kimoja hubeba mtenda, wakati, mtendwa na kukanusha. Ukurasa unaonekana mwepesi, ila mdomoni ni mrefu. Pimeni kwa saa, si kwa kurasa. Na methali: moja iliyochaguliwa vizuri, ikapewa nafasi ya kupumua, inavuka hadi lugha ya pili. Tatu mfululizo zinaniua.

Lafudhi siihesabu. Najua vijana wanaotumia fedha kujifunza kusema Kiingereza cha puani wakiamini kitawafungulia milango New York. Ukumbi wa mataifa una lafudhi za kila namna, na hakuna anayejali alimradi herufi zinatoka.

Mfano ninaoutaka madarasani kwenu uko karibu. Usiku wa tarehe 21 Februari 2022, Baraza la Usalama lilikutana kwa dharura baada ya Urusi kuyatambua majimbo mawili ya mashariki mwa Ukraine kuwa nchi huru. Kenya ilikuwa mjumbe wa Baraza kwa miaka miwili, na balozi wake, Martin Kimani, akapewa zamu. Angeweza kusema yale ambayo kila nchi husema: tuna wasiwasi mkubwa, tunazisihi pande zote, tunaamini katika mazungumzo. Badala yake alitaja kwanza kilichovunjwa, kisha akaeleza kwa nini Mkenya ana la kusema juu yake. Mipaka ya Afrika, alisema, ilichorwa katika miji ya Ulaya bila kujali watu wa kale iliowakata katikati, na ng'ambo ya kila mpaka wetu wanaishi ndugu zetu wa lugha na damu. Lau tungedai nchi zifuate kabila au dini, tungekuwa bado vitani. Tukakubali mipaka ile ile tuliyorithi, si kwa kuwa ilituridhisha bali kwa kuwa tulitaka kitu kikubwa zaidi kwa njia ya amani.

Tazameni ufundi wake. Hakukanusha hoja ya upande wa pili. Aliichukua katika hali yake ya nguvu kabisa, kwamba watu wa damu moja kutamani kuungana ni jambo la kawaida, ndipo akakataa litafutwe kwa mtutu. Kisha, jambo ambalo waliosambaza hotuba ile mitandaoni mara nyingi walilikata, akawageukia wakubwa wote, wakiwemo waliokaa mezani pale, akilaani tabia ya mataifa yenye nguvu kuvunja sheria za kimataifa yanapotaka. Bila kipande hicho angeonekana mpiga debe wa kambi moja. Na maudhui yale hayakuzuliwa usiku ule: yalikuwa azimio la Umoja wa Nchi Huru za Afrika la Cairo, Julai 1964, kuhusu kuheshimu mipaka iliyokuwepo wakati wa uhuru, ambalo Mwalimu Nyerere alikuwa mstari wa mbele kulitetea. Wanafunzi wenu wanalijua azimio hilo, wanaliandika kwenye mitihani kila mwaka. Kimani alilitumia.

Vita vilianza siku tatu baadaye, na hilo nalo wanafunzi waambiwe. Si mara ya kwanza hotuba nzuri kushindwa. Tarehe 30 Juni 1936 Haile Selassie wa Ethiopia alisimama Geneva mbele ya Shirikisho la Mataifa akiwa mfalme aliyefukuzwa nchini mwake na majeshi ya Mussolini. Waandishi wa habari wa Kiitalia walimpigia miluzi na kumzomea hadi wakatolewa. Kifaransa alikijua vizuri, lakini alihutubia kwa Kiamhari. Mwezi uliofuata Shirikisho likaondoa vikwazo dhidi ya Italia. Hotuba haikuokoa kitu mwaka ule. Iliweka kumbukumbu, na kumbukumbu hiyo ndiyo iliyowaumbua waliokaa kimya. Anayemwahidi mwanafunzi kwamba ufasaha hushinda mizinga anamdanganya.

Basi mambo huamuliwa wapi? Mara nyingi kwenye karatasi, na kwenye korido karatasi ile inapozungushwa. Rudini 1971. Balozi wa Tanzania Umoja wa Mataifa alikuwa Salim Ahmed Salim, mwenye miaka 29, na Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi zilizodhamini azimio la kuipa Beijing kiti cha China. Watu wanakumbuka matokeo ya tarehe 25 Oktoba: 76 kwa 35, nchi 17 zikijizuia. Wanasahau kura iliyotangulia usiku huo huo. Marekani na wenzake walitaka kwanza Baraza Kuu litamke kwamba kuiondoa Taipei, iliyokuwa imekishika kiti hicho, ni suala zito linalohitaji theluthi mbili. Hoja hiyo ya utaratibu ilianguka kwa kura 55 dhidi ya 59, nchi 15 zikijizuia. Tofauti ya kura nne. Ilipoanguka, wajumbe wa Taipei walitoka ukumbini bila kusubiri kura kubwa. Kura za namna hiyo hutafutwa moja moja kwa wiki na miezi, kwa barua, kwa vikao vya watu wawili, tena na mtu anayezijua kanuni za kikao kuliko mpinzani wake. Miaka kumi baadaye kura ya turufu ya Marekani ilimzuia Salim huyo huyo asiwe Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa. Alichokifanya 1971 kilikuwa kimekumbukwa.

Ndiyo maana nasikitishwa kidogo na mashindano ya kuigiza vikao vya Umoja wa Mataifa, ambayo vyuo vingi mnayapenda. Ni mazuri, yanawatoa vijana aibu. Lakini zawadi humwendea aliyesema kwa mbwembwe jukwaani. Sijaona kikombe kikitolewa kwa yule msichana aliyekaa pembeni na kompyuta akaandika aya ya saba ambayo pande zote mbili ziliikubali. Katika kazi halisi, huyo ndiye anayetafutwa na kila ujumbe kamati ya uandishi inapoingia usiku wa pili. Yeye ndiye anayejua kwamba azimio, liwe na kurasa ngapi, kisarufi ni sentensi moja ndefu: sehemu ya juu inataja sababu, sehemu ya chini inaamua. Anajua kwamba maneno yaliyo kwenye mabano ya mraba hayajakubaliwa na mtu, na kwamba anayeshika kalamu mwanzo wa kikao ana nguvu kuliko anayeleta marekebisho mwishoni. Wafundisheni hilo kwa vitendo. Makubaliano ya Arusha ya Agosti 2000 kuhusu Burundi, yaliyoanza chini ya usuluhishi wa Mwalimu Nyerere na kumalizwa na Mandela, yaliandikwa hapa hapa kwetu, itifaki kwa itifaki, na baadhi ya vyama vilisaini huku vikiweka pingamizi. Ni maandishi ya hadharani. Mwanafunzi akiketi nayo wiki nzima, akitafuta ni wapi kalamu ilikwepa mgogoro na ni wapi iliukabili, atajifunza mengi kuliko kwenye sura tano za nadharia ya usuluhishi.

Sasa Kiswahili, ambacho najua baadhi yenu mtasema ni ajenda yangu ya kutafuta mkate. Sawa, ni mkate wangu. Lakini ni uamuzi wa serikali zenu pia. Nchi za SADC zilikipitisha kuwa lugha yao rasmi ya nne jijini Dar es Salaam Agosti 2019. Wakuu wa Jumuiya ya Afrika Mashariki walikipitisha 2021, pamoja na Kifaransa. Umoja wa Afrika ukakifanya lugha ya kazi Februari 2022. UNESCO imekitengea tarehe 7 Julai. Maamuzi ni mengi, matumizi yako nyuma. Julai 2004, Rais Joaquim Chissano wa Msumbiji alihutubia wakuu wenzake wa Afrika mjini Addis Ababa kwa Kiswahili alichojifunza Tanzania wakati wa ukombozi, na maofisa wakahaha kutafuta wakalimani. Tulilifurahia tukio lile kama ushindi. Kwangu lilikuwa ripoti ya ukaguzi: lugha ilikuwepo, kazi ya kuiandaa haikuwepo.

Hali ya leo ni hii. Afisa anaandika hotuba kwa Kiingereza, inapitishwa kwa Kiingereza, usiku wa kuamkia kikao inaamuliwa kiongozi aitoe kwa Kiswahili, na saa tano usiku simu yangu inaita. Ninachofanya hapo ni kukarabati, si kutafsiri. Sentensi ya Kiingereza yenye vishazi vitano inageuzwa kuwa Kiswahili chenye vishazi vitano ambacho hakuna mama wala mzee aliyewahi kukisema. Kiongozi anajikwaa nacho mbele ya kamera, kisha watu wanasema Kiswahili hakifai kwa mambo mazito. Novemba 1978 Mwalimu alilieleza taifa kwa nini litapigana na Amin aliyevamia Kagera, na alisimamisha hoja nzima juu ya nguzo tatu: uwezo, sababu na nia. Watu ambao hawakuwa wamezaliwa wanaweza kuzitaja leo. Ilifikiriwa kwa Kiswahili tangu mwanzo, na ndiyo maana ilikaa.

Kisha mkumbuke nani anasikiliza. Kongo iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki 2022. Mjumbe wa Bukavu au Lubumbashi anakijua Kiswahili tangu utotoni, ila si kile cha Unguja wala kile cha vijiwe vya Kariakoo. Elimu yake ni ya Kifaransa. Mganda aliye kando yake anakifuata kwa juhudi. Mwanafunzi afunzwe Kiswahili cha kikao kinachowafikia wote hao: sentensi fupi, istilahi zilizokubaliwa, bila mapambo ya tarabu na bila misimu ya mjini. Sijui mtaifanyaje hiyo bila walimu wa Kiswahili kuingia kwenye idara zenu, na nimesikia kwamba baina ya idara na idara wakati mwingine kuna mpaka mgumu kuliko Namanga.

Ninachoomba ni kidogo. Katika kila kozi, insha moja ndefu iachwe, mwanafunzi aandike dokezo la ukurasa mmoja kwa waziri wa kweli mwenye kikao cha kweli, na msahihishaji aache kusoma mahali ambapo waziri angeacha. Hotuba ya dakika tatu, kipaza sauti kizimwe ya tatu ikigonga. Akimaliza, asiulizwe yeye alisema nini. Waulizwe wenzake walisikia nini, na wasichokikumbuka kimpunguzie yeye alama. Kila kundi liandike tamko la pamoja kwa Kiingereza na Kiswahili kwa wakati mmoja, mezani pamoja, wala si moja kuwa kivuli cha jingine. Na siku ya kufanya hayo, mwiteni mkalimani akae nyuma na kalamu. Wengi wetu tutakuja kwa nauli tu.

Mna mabalozi wastaafu pia, wengi wanaishi kilomita chache kutoka malangoni mwenu. Mnawaalika kwenye maadhimisho watoe kumbukumbu za ukombozi. Wapeni kalamu nyekundu na madokezo arobaini ya wanafunzi, muone mtakavyojifunza.

Najua mtaniambia madarasa yana watu 200, na mitaala hupitiwa kila baada ya miaka kadhaa kwa idhini ya mamlaka za juu. Wingi wa wanafunzi ni hoja dhidi ya kurasa 20, si dhidi ya ukurasa mmoja. Hotuba za dakika tatu zinaweza kurekodiwa kwa simu na kusikilizwa na wenzao. Na mtaala msiuguse. Swali la mtihani huandikwa na mhadhiri mmoja, jioni moja, na muhula bado haujafika huko.

Wenu katika kazi,
Mkalimani, Arusha